Bomba Lililokohoa Kama Mie

Wewe, ushawahi kusikia rangi ikikohoa? Nakuuliza kweli, usicheke. Sisi wa rika moja tumesikia mbuzi akikohoa, tumesikia mota ya maji, tumesikia wazee msikitini hotuba ikiwa ndefu. Lakini rangi? Mie nliisikia mara ya kwanza sijang'oka meno ya mbele, na majuzi nimeisikia tena, hapa hapa sebuleni kwangu, mtaa wa Shika Adabu, nimekaa zangu nachambua mchicha.

Alikuwa Nuru, mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Mtoto huyu ana mambo. Wenziwe wachora hina, yeye yuwaunga vigari vya plastiki. Vyaja ndani ya boksi vimekatika vipande, magurudumu huku, milango huku, yeye akaviunga kwa gundi kisha akavipiga rangi, mpaka ukiliona lile lori lake mezani wasema sasa hivi litanipigia honi nilipishe. Na rangi hapigi kwa brashi, ngoja nikwambie. Ana kidude kama kalamu ya wino, juu kina kikombe kidogo cha rangi, nyuma kina mpira waenda kwenye mashine ya upepo. Yeye yuwakiita eabrashi. Mie nlipokiona nkasema, kumbe bomba la rangi nalo huzaa.

Siku hiyo yuwapuliza tangi la lori, rangi ya fedha. Mara kile kidude kikafanya pff, pff, kikatema matone, kikanyamaza. Kikatema tena.

"Kimeziba," Nuru akasema, maski ameishusha, mdomo ameuvuta. "Bibi, hiki kitanitoa roho."

"Zima pangaboi," nkamwambia.

"Pangaboi lina nini? Nafa na joto."

"Na rangi nayo yafa na joto. Umekaa chini ya upepo, yakauka mdomoni mwa bomba kabla haijatoka. Zima."

Akanitazama kama nimemsemesha lugha ya paka. Akazima. Nkamwambia haya, nionyeshe rangi yako. Nkachungulia kikombe, ni nzito, mwiko wasimama.

"Hii si rangi, hii futari. Itie maji."

"Si maji tu Bibi, kuna dawa yake ya kupunguzia. Na nyengine ya kuifanya isikauke upesi."

"Hiyo hiyo, tia. Iwe kama tui la pili. La kwanza zito, la tatu si tui, ni maji ya kuoshea kifumbu. Ukiishachanganya, uichuje. Na hiyo nozo uliyoweka, hilo tundu la kutokea rangi, ni ipi?"

"Sifuri nukta mbili. Ndogo kabisa, ya mistari."

"Ndiyo maana. Rangi ya fedha ina chenga, mwanangu, haipiti kwa Kitinda. Mtoe Kitinda, tia Bi Mkubwa."

"Kitinda ni nani?"

Hapo ndipo nlipouweka mchicha chini.

Babangu, Mola amrehemu, alikuwa mpiga rangi. Si wa nyumba. Alipiga baiskeli, vitanda vya chuma, na yale masanduku ya bati ya maharusi. Banda lake lilikuwa uani, ubavuni mwa jiko la mamangu, juu makuti, pembeni magunia. Upepo wa bomba lake la rangi aliuweka ndani ya tangi, na kulijaza ni kwa pampu ya mguu. Akikanyaga, mie nampanda mgongoni. Akisema naongeza uzito. Ukubwani ndipo nlipofahamu kuwa mtoto wa kilo za kuku haongezi kitu, mzee alikuwa apenda tu kubeba.

Harufu ya thina, ile dawa ya kupunguzia rangi, nliipenda kuliko halua. Asubuhi ukifungua mlango wa nyuma yakupokea, kali, tamu, yapanda puani mpaka kwenye macho. Mamangu alikuwa akilalamika wali wanuka rangi. Mie nliona wali wa watu wengine ndio una kasoro.

Nozo za babangu zilikuwa tatu, zakaa ndani ya kopo la mafuta ya taa zisigande. Nikazipa majina. Yule mwenye tundu dogo kabisa, Kitinda. Wa katikati, Wa Kati, sikujisumbua. Na yule mkubwa, Bi Mkubwa. Babangu akayashika majina, hata mbele ya wateja asema, "Mwanangu, hebu niitie Kitinda." Kitinda ndiye aliyekuwa akipiga ule mstari wa dhahabu kwenye fremu ya baiskeli, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, lakini ataka rangi nyepesi, iliyochujwa, ukimpa nzito amekwama. Wa Kati alipiga fremu yenyewe. Bi Mkubwa alipiga masanduku, na rangi ya fedha, maana Bi Mkubwa hachagui, humeza chochote umpacho.

Na mie nlikuwa na kazi yangu. Nlishika leso. Mamangu leso yake ya kujifunga ikichakaa, ikatwa, yawa chujio. Babangu amimina rangi, mie nashika ncha huku na huku, yashuka taratibu kwenye kopo, na kwenye leso yabaki madonge, kinyasi cha makuti, na siku nyengine mguu wa sisimizi. Akinambia, "Waona? Huyu mguu mmoja angetusimamisha siku nzima." Basi nikajiona mie ndiye mwenye banda.

Lakini uchuje usichuje, siku nyengine bomba laziba tu. Laanza kukohoa. Babangu hakasiriki. Alilinyanyua mpaka sikioni, akaliuliza kwa sauti ya chini, "Una nini mwanangu, kifua kimekubana?" Kisha alifunika mdomo wa bomba kwa kitambaa, akabonyeza, upepo ukakosa pa kutokea ukarudi nyuma, rangi ikachemka ndani ya kikombe, gulu gulu gulu. Likikataa bado, aitoa sindano iliyo ndani, aipangusa kwa thina, avuta kuelekea nchani, pole pole, maana ncha ikipinda ndio basi. Airudisha. Apuliza hewani, yatoka kama ukungu. Asema, "Alhamdulillahi, amepumua."

Sasa sikiza. Mie nlikuwa na pumu.

Kifua changu kilipiga mluzi kama birika. Mamangu alinipa tangawizi, akanisugua mafuta ya habasoda, tukavuka feri kwenda hospitali ng'ambo, tukarudi, kikaanza tena. Na babangu kila kikinibana hunilaza begani akaniuliza, "Una nini mwanangu, kifua kimekubana?" Maneno yale yale. Sauti ile ile. Nami mtoto, sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nkajua mie na bomba ni ndugu, tumeugua ugonjwa mmoja nyumba moja. Tofauti ni kwamba mwenzangu alitibiwa pale pale, akapumua, mie nangoja zamu. Nlikuwa hata najua kwa nini zamu yangu haifiki. Nlisema ndani ya kifua changu mna sindano, na babangu yuwaogopa kuitoa isije ikapinda.

Siku moja alikuwa yuwapiga sanduku la harusi, rangi ya fedha, tangu asubuhi. Banda limejaa ule moshi wa rangi, jua likiingia kwenye makuti waona vitu vyameta hewani. Nkaona ni vizuri. Nkakaa pale nacheza kuvishika kwa mkono. Mchana kifua kikaanza mluzi, kisha mluzi ukakatika, na ukikatika ndio ubaya. Mamangu yuko sokoni. Babangu ameinama kwenye sanduku, hanioni. Sikumwita. Nlisema, leo najitibu. Nkaichukua ile leso ya kuchujia, bado imelowa thina, nkaenda nyuma ya jiko, nkaifunga mdomoni kwa nguvu zangu zote, nkapuliza. Nkangoja gulu gulu gulu.

Haikuja. Kilichokuja ni giza.

Mamangu ndiye aliyenikuta, atoka sokoni na kikapu chake. Yeye alikuwa akisema midomo yangu ilikuwa imekuwa zambarau. Babangu alinibeba akakimbia nami mpaka feri, na watu walipoona mikono ile ya fedha na mtoto amelegea, wakafungua njia. Haya nlihadithiwa. Nnalolikumbuka mwenyewe ni kuamka kitandani, na babangu amekaa, mikono bado ya fedha mpaka kwenye viwiko, hajaosha. Nlimwonea huruma. Nkamwambia, "Baba, mie sikuzibuka."

Akainuka akatoka nje.

Nliporudi nyumbani, banda hakuna. Makuti yameshushwa, magunia hayapo, uwanja umefagiwa. Bomba hakuna, tangi hakuna, kopo la Kitinda na wenziwe hakuna. Na babangu hakuna. Mamangu akasema ameenda kazini Changamwe, kwenye gereji ya mtu, wapiga malori rangi. Alirudi magharibi. Nkamwona kwenye njia, nkatoka mbio kama kawaida yangu, akanyoosha mkono.

"Simama hapo hapo."

Nkasimama. Akapita kando yangu, mbali, kama mtu apitaye penye tope. Akaenda kisimani, akajisugua kwa sabuni, akabadili nguo, zile za kazi akaziacha nje kwenye kamba, hazikuingia ndani ya nyumba. Ndipo akaja. Na siku ya pili vile vile. Na ya tatu. Babangu, aliyekuwa akinipakata na rangi mwilini mpaka mamangu apiga kelele nguo zaharibika, leo kabla hajaoga hataki nimguse.

Wajua nlivyofahamu? Nlifahamu hivi. Alikuwa na watoto wawili wenye kifua. Mmoja azibuka, mmoja hazibuki. Kamchukua yule azibukaye kaenda naye Changamwe, kaniacha mie.

Nkamuuliza mamangu, "Baba ametuhama?"

"Ametuhama vipi na kila siku yuwalala hapa? Nenda kanletee kuni."

Zamani mtoto haelezwi, mtoto hutumwa. Nkaenda kuleta kuni.

Na jirani yetu Bi Zuhura, mdomo wake haukuwa na komeo, siku moja akamsimamisha babangu njiani. "Salaam aleikum bwana. Nasikia mwenye banda lake siku hizi yuwawapigia watu malori. Ama pampu imekushinda, uzee?"

"Mguu ndio ulioshinda, Bi Zuhura," babangu akacheka. "Kule wana mashine, mtu abonyeza tu."

Nami nlikuwa nyuma ya ua, nasikiliza. Nkaongeza hilo juu ya mengine. Kumbe ataka mashine. Kumbe hataki wa kumpanda mgongoni.

Na kumbe huku, pole pole, kifua changu chafunguka. Mluzi ukawa wa wiki mara moja, kisha ukawa wa siku za baridi tu. Nkaanza kukimbia na wenzangu, nkacheza kibe, nkapanda mpera. Lakini sikufurahi. Nlisema, nimezibuka, na mwenye kutaka nizibuke hayupo kuona.

Basi jioni moja nkanuna. Nkasema leo sikimbii kumpokea, anyooshe mkono wake huko amzuie mwengine. Nkakaa barazani nimeupa mgongo njia. Nkamsikia yuwapita, nkasikia maji kisimani, ndoo, kata, ndoo. Kisha akaja akakaa nyuma yangu, anukia sabuni. Nkahisi kitu mgongoni. Ni sikio lake. Ameliweka pale pale katikati ya mabega, kama alivyokuwa akiliwekea bomba.

"Pumua," akasema.

Nkapumua.

"Tena."

Nkapumua tena. Akakaa vile muda, sikio lina joto, ndevu zanikuna. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, wala hakuwa asema na mie, "Alhamdulillahi."

Sikufahamu. Nlidhani mzee amechoka na kazi, amenifananisha na bomba. Lakini nlipenda, wallahi nlipenda. Tangu siku hiyo kila jioni, akishaoga, nampa mgongo, yuwasikiliza. Kununa kukaisha. Swali likabaki.

Lilibaki mpaka nimeolewa, niko Utange kwa mume, nimejifungua mtoto wa kwanza, naye kifua chaanza mluzi. Nkambeba mpaka kwa mamangu, nalia. Mamangu akampokea, akamgeuza, akamsikiza. Akanambia, "Kwako nani avuta sigara?" Nkasema mume wangu. Akasema, "Basi mwambie afanye kama babako. Kimuumizacho mtoto chatolewa, hakibembelezwi."

"Baba alitoa nini?"

Mamangu akanishangaa. "Banda, mwanangu. Kwani hujui? Daktari alisema ni ule moshi wa rangi. Ulikuwa ungali hospitali, akaja akashika panga akaliteremsha siku ile ile, hata maji hakunywa. Vitu vyake akavipeleka Changamwe. Na nguo zile, na kuoga kule, ni asije akakuletea vumbi lake ndani."

"Na mbona hamkunambia?"

"Alinikataza. Alisema mtoto huyu ana fikra, ukimwambia atadhani yeye ndiye aliyelivunja banda."

Mwenzangu, nlimtwaa mtoto nkampakata, nkahesabu upya. Miaka yote ile nlikuwa nadhani nimeachwa, kumbe nlikuwa nimechaguliwa. Mtu alikuwa na kazi yake mwenyewe, mlangoni kwake, hakuna wa kumwambia kaa au simama, akaibadili kwa kupiga rangi malori ya watu, na maneno ya Bi Zuhura juu yake, akacheka.

Nkamwendea. Alikuwa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, ameshazeeka, kucha zake bado zina rangi pembeni, hiyo haikuwahi kutoka. Nkamwamkia shikamoo, nkakaa, nkamwambia, "Baba, mama amenambia habari ya banda. Nimekuja kukushukuru."

"Banda lipi?"

"Lile la uani."

"Ah, lile. Lilikuwa lina mchwa."

"Baba."

"Na kuku wa mamako walikuwa wakikanyaga masanduku mabichi. Ningelivunja tu." Akatazama upande wa kisima, hanitazami mie. Tasbihi yasonga, yasonga. Kisha akasema, "Hebu geuka, pumua nisikie."

Nkageuka, mama mzima, na mtoto wangu pajani. Nkapumua. Nampa Mola shukrani kwamba nlipata kumwambia ahsante angali hai, hata kama ahsante yenyewe aliitupia kuku.

Sasa nirudi kwa Nuru. Siku ile ya lori nlimhadithia habari ya nozo tu, ya Kitinda na Bi Mkubwa. Alicheka, akabadili nozo, akachuja rangi kwa kipande cha leso yangu, lile tangi likatoka laini, laangaza, unajiona uso. Kila akipumzika apangusa ncha kwa pamba yenye dawa. Akimaliza rangi moja, apitisha maji safi mpaka yatoke meupe ndipo atie nyengine. Nlimwambia bomba ni kama sufuria ya maziwa, usiiache ikagandiwa. Ya kifua changu sikumwambia. Naye, kumbe, siku ile alikuwa amenisikia nakohoa.

Wiki hii nimetoka kwa jirani kumpa pole, narudi, meza haina kitu. Vigari hakuna, mashine hakuna, eabrashi hakuna. Mkaza mwanangu, mamake Nuru, akanambia Nuru amehamishia kazi kwa rafikiye Port Reitz, ana chumba chenye feni ya kutoa moshi nje. Nkasema haya. Nkaenda kukaa barazani. Na ukubwa wote huu, wajukuu mpaka nawasahau majina, kile kitoto kilichonuna kikaamka ndani yangu. Nkasema nimemkera. Maneno yangu mengi, zima hiki, chuja kile, amechoka nami.

Jioni akaja. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nimekukosea?"

"Kunikosea nini tena?"

"Umehama."

Akaweka mkoba chini. "Bibi, juzi ulikohoa. Ukakohoa na jana. Rangi yangu ni ya maji, hainuki, watu wadhani haina neno. Lakini ule ukungu wake ni rangi ile ile, waingia kifuani. Mie navaa maski. Wewe wakaa hapo na mchicha wako."

"Na mbona hukunambia?"

"Ungekataa. Ungesema hukohoi."

Na kweli ningesema. Nlikuwa niko karibu kusema hapo hapo, kikohozi kikanijia. Tukacheka wote wawili. Ndipo nkamkalisha karibu yangu, nkamhadithia hii yote niliyokuhadithia wewe, banda, leso mdomoni, mkono wa babangu njiani, sikio mgongoni. Alinisikiza mpaka mwisho, hakugusa simu yake hata mara moja. Kisha akaupitisha mkono wake nyuma yangu, akanambia, "Bibi, nakuahidi. Siku nyengine nikikuondolea kitu kwa ajili yako, nitakwambia kwanza kwa nini, ndipo nibebe."